Kutu Haifichwi kwa Rangi

Tazama nje ya nyumba yako. Huenda kuna kiti cha chuma chini ya mwembe. Huenda kuna benchi ya chuma mbele ya duka, ofisi ya kijiji au zahanati. Itazame miguu yake. Je, rangi bado imeshika? Au imevimba, imepasuka na kuacha madoa mekundu?

Hapa Usevya, katika bonde la Rukwa, kiti cha chuma kina faida yake. Kiti cha mti ukikiacha nje juu ya udongo, mchwa hupanda miguuni usiku. Baada ya muda kiti kinakuwa unga. Chuma hakiliwi na mchwa. Lakini chuma nacho kina mchwa wake. Mchwa huyo anaitwa kutu.

Watu wengi wakiona kutu hukimbilia dukani kununua rangi. Wanapaka siku hiyo hiyo. Kiti kinang'aa. Jirani wanasifu. Mvua za kwanza zikinyesha, rangi inabanduka. Fedha zimepotea, na kutu imebaki pale pale.

Mwezi huu tutajifunza kazi inayofanywa kabla ya kupaka rangi. Kazi hiyo ni kuosha, kukwangua na kupiga msasa. Siyo kazi ngumu. Mwanamume anaweza, mwanamke anaweza. Inataka mikono, maji, subira na vifaa vichache.

KUTU NI NINI?

Kwanza tumjue adui wetu.

Zamani wazee wa Ufipa, kwenye nyanda za juu kando ya bonde letu, walikuwa wakiyeyusha chuma wenyewe. Walijenga matanuru marefu ya udongo. Matanuru hayo waliyaita malungu. Walitia ndani mkaa na mawe yenye chuma. Moto mkali ulitenganisha chuma na uchafu wake. Baadaye wahunzi walikifua chuma kile wakapata majembe na mashoka.

Sasa angalia jambo hili. Yale mawe yenye chuma ndani yake yana rangi nyekundu au ya kahawia. Kutu nayo ni nyekundu au ya kahawia. Sababu ni kwamba vitu hivi ni ndugu. Ndani ya mawe yale, chuma kimeshikana na hewa. Ndani ya kutu pia, chuma kimeshikana na hewa, kwa msaada wa maji. Kwa hiyo tunaweza kusema hivi: kutu ni chuma kinachorudi kuwa udongo.

Kutu inahitaji vitu viwili: hewa na maji. Ukikosekana mmoja wao, kutu haianzi. Rangi inafanya kazi ya nguo ya mvua. Inazuia maji na hewa visifike kwenye chuma.

Lakini kutu ina hila moja. Ni nene kuliko chuma ilichokila. Kipande chembamba cha chuma kikiliwa, kinatoa kutu nyingi yenye kuvimba. Kutu ikianza chini ya rangi, inaisukuma rangi juu. Rangi inainuka kama ngozi yenye lengelenge. Kisha inapasuka. Maji yanaingia zaidi. Kutu inaendelea kula.

Chumvi huongeza kasi ya kutu. Ndiyo maana viti vya chuma vya Tanga, Dar es Salaam na Unguja huliwa haraka, maana upepo wa bahari una chumvi. Sisi hatuna bahari. Lakini tuna mbolea ya dukani. Usiweke mfuko wa mbolea ya chumvichumvi juu ya kiti au benchi ya chuma. Ikimwagika na kupata unyevu, itakila chuma chako upesi.

MAMA NA FUNDI

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana mgahawa kando ya barabara. Hatumtaji jina, maana ni mfano tu. Ana viti sita vya chuma na benchi moja. Nane Nane inakaribia. Wateja watakuwa wengi. Ameuza kuku wake wanne apate fedha za rangi. Amemwita fundi kijana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umefika. Rangi hii hapa, brashi hii hapa. Nataka viti hivi viwe vimekwisha jioni."

Fundi hakuishika brashi. Aliinama akakitazama kiti. Akauliza, "Mama, rangi hii ya zamani ilipakwa lini?"

"Mwaka jana tu, kabla ya mvua. Nilinunua kopo zima."

"Kabla ya kupaka mlipiga msasa?"

"Hapana. Tulifuta vumbi kwa kitambaa, tukapaka."

Fundi akaikwaruza rangi kwa ukucha. Ikatoka kama ganda la yai. Chini yake palikuwa pekundu.

"Mama, rangi yako haikuwa mbaya," fundi akasema. "Iliishika kutu vizuri sana. Lakini kutu yenyewe haikukishika chuma. Kutu ilipoachia, ikaondoka na rangi."

Mama akakaa kimya. Kisha akasema, "Kwa hiyo kuku wangu wa mwaka jana walikwenda bure. Na hawa wa mwaka huu?"

"Hawa hawatakwenda bure, mama, ukinipa siku. Leo nitachukua viti viwili tu. Vinne utaendelea kuvitumia, wateja wasikose pa kukaa. Hivi viwili vikikauka vizuri, nitachukua vingine viwili."

Mama akakubali. Fundi akaigeuza ile benchi juu chini. Akagonga miguu yake kwa nyundo ndogo. Miguu mitatu ililia vizuri. Mguu wa nne ukatoa sauti ya kopo. Akausukuma kwa ncha ya msumari. Msumari ukaingia ndani.

"Benchi hii siipaki, mama."

"Kwa nini? Si ninakulipa?"

"Unanilipa, ni kweli. Lakini mguu huu umeoza kwa ndani. Nikiupaka utapendeza. Watu wanne watakaa, wataona ni imara. Utakatika, na chai ya moto itawamwagikia. Kwanza tuipeleke kwa fundi wa kuchomelea akate kipande hiki na kuunga bomba zima. Rangi baadaye."

Mama alikasirika kidogo, maana hiyo ilikuwa gharama nyingine. Kisha akakumbuka jambo. Wiki iliyopita mjukuu wake alichanwa mguu na ubavu wa benchi ile ile. Akasema, "Haya, chukua. Heri nikose benchi siku mbili kuliko nikose mjukuu."

Ndugu msomaji, fundi huyu angeweza kupaka tu, akapokea fedha zake na kwenda zake. Fundi wa namna hii ni wa kutunzwa. Sasa tuone alivyofanya kazi yake, ili nasi tuweze kuifanya.

VIFAA UNAVYOHITAJI

Tafuta vitu hivi:

1. Sabuni, maji, ndoo na matambara safi.
2. Brashi ya waya.
3. Kikwanguo, au kisu kikuukuu kisicho na ncha.
4. Msasa wa aina tatu: mkali, wa kati na laini.
5. Tina kidogo ya kufutia.
6. Rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Mafundi huiita praima ya chuma.
7. Rangi ya mafuta ya rangi uipendayo.
8. Brashi ya kupakia.
9. Turubai kuukuu au mifuko ya kutandika chini.
10. Kitambaa cha kufunika pua na mdomo, na miwani kama unayo.

Tuseme kidogo juu ya msasa. Jina hili ni la zamani. Msasa ni mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Mafundi seremala wa zamani waliyatumia majani hayo kulainisha mbao. Ilipokuja karatasi yenye mchanga mkali, watu wakaipa jina lile lile.

Geuza karatasi ya msasa utazame mgongoni. Utaona namba. Hapa kusoma kunakusaidia. Namba ndogo ni msasa mkali. Namba kubwa ni msasa laini. Kwa kazi yetu, namba 60 au 80 hukwangua kutu. Namba 120 hulainisha. Namba 180 au 220 hukwaruza kidogo tu rangi ambayo bado ni nzima.

Upo pia msasa wa maji. Mara nyingi ni mweusi. Huo unaweza kuloweshwa. Msasa wa kawaida ukiulowesha, karatasi inaoza na mchanga unatoka. Muulize mwenye duka akupe unaoutaka.

HATUA YA 1: KAGUA

Geuza kiti juu chini. Tazama chini ya miguu, maana hapo ndipo maji hukaa. Tazama mahali palipochomelewa. Je, pana ufa? Gonga kila bomba. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti butu.

Sukuma kwa msumari palipo na kutu nyingi. Ukitoboka, usipake rangi. Peleka kwa fundi wa kuchomelea kwanza. Ukipaka rangi kisha ukachomelea, moto utaiunguza rangi yote ya hapo, na moshi wake ni mbaya kwa mapafu.

HATUA YA 2: OSHA

Wengi huruka hatua hii. Wanaanza na msasa moja kwa moja. Ni kosa. Kiti cha nje kina jasho la mikono, mafuta ya kupikia na masizi. Ukipiga msasa juu ya mafuta, unayasugua yaingie ndani ya mikwaruzo. Rangi haishiki juu ya mafuta.

Osha kwa maji na sabuni. Sugua kwenye kona. Suuza kwa maji safi. Futa, kisha anika juani mpaka kikauke kabisa. Kama bomba lina tundu, kiinamishe ili maji ya ndani yatoke.

Usisafishe kwa petroli. Mvuke wa petroli hushika moto kutoka mbali, hata kwa cheche ya sigara au jiko la mkaa. Mafuta ya taa nayo huacha utelezi. Ukilazimika kuyatumia kuondoa grisi, osha tena kwa sabuni baadaye.

HATUA YA 3: KWANGUA

Chukua kikwanguo. Ondoa rangi yote iliyoinuka. Kisha chukua brashi ya waya. Sugua kutu iliyovimba mpaka magamba yote yaanguke. Ingia kwenye kona na kwenye maungio. Kutu hupenda kujificha humo.

Je, ni lazima kuondoa rangi yote ya zamani? Hapana. Rangi iliyoshika chuma vizuri iache. Jaribu kwa ukucha au kwa ncha ya kisu. Isipobanduka, ni nzima. Itakuwa msingi wa rangi mpya.

HATUA YA 4: PIGA MSASA

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Anza na msasa mkali, namba 60 au 80. Sugua mahali penye kutu mpaka uone chuma kikimeta. Bomba la mviringo lizungushie kipande chembamba cha msasa. Shika ncha zake mbili, kisha vuta huku na huku, kama mtu anayejifuta mgongo kwa taulo.

Baada ya hapo chukua namba 120. Lainisha mpaka kati ya chuma kitupu na rangi ya zamani. Mpaka huo usiwe kama ngazi. Upitishie kidole ukiwa umefumba macho. Kidole kikikwama, endelea kusugua. Kidole kikiteleza, inatosha.

Mwisho chukua namba 180 au 220. Pitisha juu ya rangi ya zamani iliyo nzima. Huna haja ya kuiondoa. Unataka ipoteze mng'ao wake tu. Rangi inayong'aa ni kama jiwe lenye utelezi mtoni. Mguu haukai juu yake. Rangi mpya nayo haikai.

Huenda palipo na vishimo vidogo patabaki weusi kidogo. Usihofu. Kutu iliyovimba na yenye unga ndiyo adui. Sugua vishimo kwa brashi ya waya mpaka pasitoke unga tena.

Kama kiti kina mng'ao wa mabati, kimepakwa zinki. Usikwangue zinki yote, maana inakilinda chuma. Osha, piga msasa laini kidogo, kisha tumia praima inayofaa mabati.

JIHADHARI NA VUMBI

Ndugu msomaji, soma sehemu hii mara mbili.

Rangi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Madini hayo yalifanya rangi ing'ae na kudumu. Lakini ni sumu. Yanaharibu ubongo wa mtoto. Mtoto anachelewa kujifunza, na madhara hayo hayaponi. Mama mjamzito naye hudhurika, pamoja na mtoto aliye tumboni. Marekani ilipiga marufuku rangi za namna hii majumbani mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kilicho salama.

Huwezi kujua kwa macho kama rangi ina risasi. Kwa hiyo rangi yoyote ya zamani ichukulie kama ina sumu. Fanya hivi:

Fanya kazi nje, mbali na jiko, kisima na mahali watoto wanapocheza.

Tandika turubai chini.

Lowesha rangi ya zamani kwa maji kabla ya kuikwangua. Tumia msasa wa maji. Rangi iliyolowa haitoi vumbi.

Funika pua na mdomo. Usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini.

Usiunguze rangi ya zamani kwa moto ili itoke. Moshi wake ni sumu.

Ukimaliza, kusanya magamba na vumbi lote. Funga ndani ya mfuko. Chimba shimo refu mbali na maji na bustani, ufukie. Usitupe shambani wala mtoni.

Nawa mikono na uso kwa sabuni. Nguo za kazi zifue peke yake.

Lakini kumbuka: maji na chuma kitupu havipatani. Ukimaliza sehemu ya maji, futa mara moja na uanike juani. Kikikauka, pitisha msasa mkavu kidogo pale penye chuma kitupu. Hapo unaondoa ule wekundu mwembamba ulioanza upya.

Jambo lingine ni majeraha. Watu husema kutu inaleta pepopunda. Kutu yenyewe hailetei mtu pepopunda. Vijidudu vya ugonjwa huo vinakaa kwenye udongo na samadi. Chuma chenye kutu kilichokaa chini kinaweza kuvibeba na kuviingiza ndani ya jeraha. Ukichanwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda zahanati ukaulize juu ya chanjo ya pepopunda. Usipake samadi, udongo wala majivu.

HATUA YA 5: FUTA VUMBI

Pangusa kiti kwa brashi kavu. Kisha lowesha kitambaa safi kwa tina kidogo. Futa kila mahali. Kitambaa kikichafuka, geuza upande. Subiri dakika chache tina ikauke. Tina nayo hushika moto, kwa hiyo iweke mbali na jiko.

Baada ya hapo usikishike chuma kwa mikono mitupu. Jasho la kiganja lina chumvi.

HATUA YA 6: RANGI YA KWANZA, SIKU HIYO HIYO

Chuma kilichopigwa msasa ni kama kifaranga kilichotoka kwenye yai. Hakina kinga. Ukikiacha usiku kucha, umande utakishika. Asubuhi utaona wekundu tena, na itakubidi urudie.

Kwa hiyo paka praima ya chuma siku hiyo hiyo. Paka nyembamba. Anza na kona, maungio na chini ya miguu. Kisha paka sehemu zilizo wazi. Acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Rangi nyingi za mafuta zinataka usiku mmoja mzima.

Kesho yake pitisha msasa laini kidogo sana, futa vumbi, paka mkono wa kwanza wa rangi ya mafuta. Ukikauka, paka mkono wa pili. Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mnene. Mnene hutiririka, na ndani haukauki.

KAZI HII IFANYWE LINI?

Kwetu mvua huanza kiasi cha Novemba na kwisha kiasi cha Aprili. Wakati mzuri ni kiangazi, Mei mpaka Oktoba. Mavuno yamekwisha, mikono ina nafasi na hewa ni kavu.

Anza asubuhi, umande ukishakauka. Usipake jua la mchana likiwa kali. Chuma kikichoma mkono, rangi hukauka juu kabla ya chini, kisha hutoa malengelenge. Paka kivulini. Na usipake kando ya barabara ya vumbi. Lori moja likipita, rangi yako itakuwa msasa.

TUHESABU

Lita 1 ya rangi ya mafuta hufunika kiasi cha mita za mraba 8 hadi 12, kwa mkono mmoja. Kiti cha bomba hakina eneo kubwa. Kwa hiyo jirani watatu au wanne wanaweza kuchanga, wakanunua kopo moja la praima na kopo moja la rangi, wakavipaka viti vyao pamoja. Shule, zahanati na ofisi ya kijiji wanaweza kufanya hivyo hivyo kwa benchi zao.

Kabla ya kununua, nenda dukani na karatasi. Andika bei ya msasa, praima, rangi na tina. Jumlisha. Kisha gawanya kwa idadi ya viti. Linganisha na bei ya kiti kipya kwa fundi. Mwenyewe utaona kama inafaa kutengeneza au kununua.

Njia hii inafaa pia kwa mlango wa chuma, dirisha, mkokoteni, fremu ya baiskeli na mti wa jembe la kukokotwa kama ni wa chuma. Lakini usipake rangi hizi ndani ya chombo cha maji ya kunywa au cha chakula.

HATA MNARA MKUBWA

Usidhani kazi hii ni ya watu wasio na uwezo wa kununua vipya. Katika mji wa Paris, Ufaransa, upo mnara mrefu wa chuma. Unaitwa Eiffel. Ulikamilika mwaka 1889. Ungeachwa bila rangi, kutu ingeuangusha zamani. Lakini kila baada ya miaka kama 7, mafundi huupanda. Wanakwangua palipoharibika, wanapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha wanapaka rangi ya juu. Kila mara hutumia kiasi cha tani 60 za rangi. Kazi wanayoifanya pale juu ndiyo ile ile ya kiti chako chini ya mwembe.

Turudi kwa yule mama. Viti viwili vya kwanza vilirudi baada ya siku nne. Siku ya nne mama alikwaruza rangi kwa ukucha, kama alivyofanya fundi. Haikutoka. Benchi ilirudi ikiwa na mguu mpya. Fundi aliigonga mbele yake, miguu yote minne ikalia sawasawa. Ndipo akaifungua rangi.

Ndugu msomaji, kila mwaka mwisho wa mvua kagua viti vyako. Ukiona doa dogo, lishughulikie doa hilo tu: osha, piga msasa, paka praima, paka rangi. Usingoje kiti kizima kiwe chekundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kutu inahitaji vitu gani viwili?
2. Kwa nini rangi ya yule mama ilibanduka?
3. Msasa namba 60 na msasa namba 220, upi ni mkali?
4. Kwa nini tunalowesha rangi ya zamani kabla ya kuikwangua?
5. Kwa nini praima ipakwe siku ile ile?
6. Je, fundi alifanya vizuri kukataa kuipaka benchi? Toeni sababu.
7. Katika kijiji chenu, ni benchi ipi ya watu wote inayohitaji kazi hii? Nani ataanza, na lini?